Gia ya Tano

Oili ya giaboksi hunuka vibaya kuliko oili ya injini, kama kitunguu saumu kilichoozea kwenye chuma. Wiki jana niliinusa nikipita gereji moja pale Kabati, na mara hiyo nikawa tena msichana wa darasa la nne, nimeketi katikati ya kiti cha pikapu kuukuu ya Baba, leva ya gia kati ya magoti yangu.

Tulikuwa tukibeba machungwa kutoka Kilungu. Baba alikanyaga klachi, akataja namba, nami nikaisukuma gia mahali pake. Niliipenda ya tano: kulia, kisha mbele. Ikiingia, injini iliacha kulalamika na Baba aliacha kupaza sauti. Mbele za watu aliniita fundi wake, nami nikaamini.

Ndipo mjomba Kioko, kaka yake Mama, akaichukua pikapu yetu akaitengeneze klachi. Yeye alikuwa na pikapu kama yetu, ila yake haikuwa na gia ya tano.

Alipoirudisha, nilipanda kuchezea gia kama kawaida. Ya kwanza hadi ya nne zilikuwepo. Nikasukuma kulia, mbele. Leva ikagota. Kichwa chake kilikuwa kile kile, kimechorwa moja hadi tano. Nikashuka nikachungulia uvunguni. Giaboksi yetu ilikuwa na kovu la kulehemu ubavuni. Hii ilikuwa laini.

Wanaume walikuwa wakila kuku sebuleni.

"Baba, hii si giaboksi yetu. Haina ya tano."

Mjomba aliendelea kutafuna. "Shemeji, kumbe unalea makanika? Hii gari ni ya gia nne tangu niijue. Hako kakichwa si mlitoa kwa gari ingine?"

Nilingoja Baba aseme kwamba fundi wake hakosei. Alimsogezea mjomba firigisi, kipande cha mgeni wa heshima.

"Mutheu, huyu ni mjomba wako. Muombe msamaha."

Niliomba. Mjomba alinisamehe kwa ukarimu, akaniongezea na mfupa wa shingo.

Siku chache baadaye, tukiwa kwenye lami, niliuona mkono wa Baba ukienda wenyewe kulia, mbele, ukagota, ukarudi. Hakunitazama. Safari iliyofuata nilikaa dirishani.

Kwa miaka mingi nilidhani alimwamini mjomba kuliko mimi. Baba alipokwisha kufariki, Mama aliniambia tukichambua ndengu: "Alijua kabla yako. Aliiendesha tu hapo langoni akajua. Lakini shemeji utamwitaje mwizi akiwa kwa meza yako? Ulitaka amfukuze ndugu yangu, mimi nibaki na nani?"

Nilisema hapana. Nilimwelewa Baba kabisa, na hapo ndipo iliponiuma zaidi, maana mtu aliyedanganywa ningemsamehe upesi.

"Angenyamaza tu, Mama," nikasema. "Angenyamaza, asiniambie niombe msamaha."

Mama aliinamia ungo, akaendelea kutafuta mawe.