Jina la Bi Kidawa

Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini alasiri. Nakumbuka kwa sababu saa hiyo ilionekana pembeni mwa kioo cha kompyuta, na kwa sababu ya harufu: vumbi lililopata moto, limechanganyika na udi aliofukiza mama. Hata leo nikifungua kompyuta kuukuu kuisafisha, harufu hiyo hunirudisha nyumbani Zinga, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Nawaambia ninyi jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Mama alikuwa akichapa kadi za harusi za watu. Mwezi ule alikuwa na orodha ya harusi ya dada yangu, Mwanaidi: majina zaidi ya mia tatu, kila jina na nyumba yake na mtu wa kupeleka kadi. Orodha ilikaa ndani ya kompyuta tu. Hakuichapa, kwani wino aliuwekea akiba kwa ajili ya kadi. Fundi wa kompyuta alimwachia sharti moja: disketi ya mtu isiingizwe humo kabla yeye fundi hajaikagua kwa programu ya kukinga virusi.

Lakini mtaani kwetu mbuzi ya kukunia nazi ilizunguka nyumba nne, na ungo wetu ulilala kwa majirani. Kumkatalia mtu mlangoni kulikuwa kukosa adabu. Basi rafiki yangu Salma alipokuja na disketi ya gemu, nilisita kidogo tu.

“Mna kompyuta ya dhahabu nyie?” alinicheka. “Au unamwogopa mama'ako?”

Nikaiingiza, saa kumi na dakika ishirini ile. Tulicheza mpaka adhana ya magharibi, na hakikutokea kitu. Hilo ndilo lililonidanganya. Kirusi kilikuwa kimeshajinakili ndani, kinangoja mashine izimwe na kuwashwa tena.

Asubuhi mama alipoiwasha, kioo kilibaki cheusi, na mstari mmoja wa Kiingereza. Fundi aliokoa mashine. Mafaili yalikuwa yamekwisha kufutika. “Dada, kuna mtu kaingiza disketi humu,” alimwambia mama. Mama aliniangalia. Mimi nikaangalia vidole vya miguu yangu.

Orodha ikaandikwa upya kwenye daftari, kwa kukumbuka. Alikosekana mmoja: Bi Kidawa wa Mlingotini, binti wa ami yake baba. Kwetu pwani, asiyeletewa kadi haoni kwamba amesahauliwa. Anaona ameambiwa hatakiwi. Siku tatu baada ya harusi, mama alinichukua twende kuomba radhi.

“Shikamoo, wifi.”

“Marahaba. Kumbe wanijua!” alisema Bi Kidawa, kasimama mlangoni. “Ukoo mzima wa mumeo umekula pilau, mimi nahadithiwa!”

Nilingoja mama aseme kompyuta iliharibika. Au aseme ni mimi.

“Nimekosa, wifi. Nilikusahau. Niwie radhi.”

Mwishowe tulipewa kahawa, lakini Bi Kidawa hakukanyaga kwetu kwa miaka miwili.

Baadaye nilijifunza kompyuta mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima. Watu huniuliza namna ya kujikinga, nami nawaambia waweke nakala ya kazi yao mahali pengine, na wasifungue kitu wasichojua kilikotoka. Hayo niliyaelewa upesi. Nililochelewa kulielewa ni jibu la mama. Angeitaja mashine, Bi Kidawa angejua kuwa jina lake lilitunzwa na chombo tu. Angenitaja mimi, ningebaki mtoto aliyegombanisha ukoo. Akajitwisha lawama yeye.

Siku ile, njia nzima ya kurudi kutoka Mlingotini alinishika mkono. Nilidhani ni kwa sababu ya magari.