Mapanga Yaliyolala kwa Jirani

Ilikuwa Jumapili, saa nane mchana, tumetoka kanisani hata viatu hatujavua, ritongo lilipoketi kuamua kama baba yangu mdogo abaki nyumbani au aondoke. Ritongo ni baraza letu sisi Wakurya. Wanaume wanakaa mbele kwenye nyasi, wanawake nyuma, na likishasema limesema. Likimtenga mtu, hapewi moto wala maji, hasalimiwi, na akifa hakuna wa kumchimbia kaburi.

Baba mdogo alikuwa na wiki moja tu tangu atoke gerezani. Nilipokuwa darasa la kwanza, yeye na jirani yetu wa ng'ambo ya kijito waligombania ndama pale tunaponyweshea ng'ombe. Akamkata kwa panga. Jirani alifia njiani wakimkimbiza hospitali Tarime. Mahakama ilisema hakukusudia. Sasa niko kidato cha tatu, na mjane wa yule jirani bado anachota maji kijito kilekile tunachochota sisi.

Kilichotufikisha kwenye ritongo ni kosa la bibi, na alilifanya kwa furaha. Kwenye ukoo wetu, mwanaume akirudi baada ya kupotea muda mrefu, anakata mwenyewe nguzo mpya ya lango la zizi, ng'ombe wajue mwenye boma amerudi. Basi bibi akachomoa panga kwenye paa, akaliosha, akampa mwanawe. Baba mdogo akateremka kijitoni, akaanza kukata mti mzuri. Mjane alikuwa ameinama anajaza ndoo. Alipoinua kichwa akamwona mtu yuleyule, mahali palepale, na panga mkononi. Akaiacha ndoo, akakimbia mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji, mguu mmoja una kandambili, mwingine hauna.

Nitasema ukweli, maana hapa hakuna anayenisikia: mimi nilitaka wamfukuze. Tangu aje nilikuwa naegemeza jembe mlangoni ndipo nilale. Halafu asubuhi namkuta ameshaosha sahani yake na za watu wote. Kabla ya kwenda chooni anamwambia bibi, "Mama, naenda chooni," na anasimama kwanza mpaka ajibiwe. Mwanaume mzima. Nilikuwa namwogopa na kumhurumia kwa pamoja.

Kijana mmoja wa sungusungu, wale walinzi wa kijiji, ndiye aliyeanza. "Wazee, tunazunguka nini? Nyumba ichomwe leo, yeye ashike njia ya machimboni. Fisi haombwi msamaha, anafukuzwa!"

Vijana wakapiga makofi. Bibi akanishika kifundo cha mkono, nikasikia kucha zake.

Mpangaji wetu akainua mkono. Ni mchimba dhahabu kutoka Shinyanga, alikuwa amesimama pembeni na kofia yake. "Wazee wangu, mimi mgeni, mnisamehe. Mkimfukuza mtu huku, sisi ndio tunalala naye kule machimboni. Na hamtuambii amefanya nini."

"We Msukuma," kijana akamkatiza, "huna hata mbuzi hapa, unahutubia ritongo?"

"Nina kuku."

"Wa kuazima!"

Watu wakacheka, hata mimi. Lakini mzee anayeongoza ritongo hakucheka. Akamgeukia baba mdogo, aliyekuwa ameketi peke yake katikati.

"Mura, kijana wangu, ukikasirika tena je?"

Baba mdogo alitazama mikono yake. "Sijui, mzee."

Watu wakaguna. Mama yangu akanong'ona, "Jamani, angesema hapana tu!" Ila nilipofikiri baadaye niliona hivi: angesema hapana, nani angemwamini? Hata siku ile ya ndama, naona aliondoka nyumbani akiwa na hakika hatamdhuru mtu.

Mzee akasema, "Mwenye jeraha hajaongea." Mjane akasimama huku nyuma kwetu, kanga ameifunga kifuani kama mtu anayekwenda kulima.

"Mahakama ilisema hakukusudia. Pigo la kwanza, sawa, nakubali. La pili je?"

Akawageukia vijana wa sungusungu.

"Nyumba msichome. Moshi haunirudishii mtu, na mle ndani kuna mama mzee na watoto. Kusamehe, msiniharakishe. Nikisamehe mtasikia. Mimi nataka usingizi. Nataka niteke maji bila kugeuka nyuma." Akavuta pumzi. "Mapanga yote ya boma lile, na mashoka, yalale kwangu. Wakitaka kukata kitu, waje wachukue, wakimaliza warudishe. Yeye asishike. Siku nikiona ameshika, nitakuja hapa, na siku hiyo msiniulize kitu."

Kelele ikalipuka. Boma la Mkurya bila panga! Mmoja akauliza kwa dhihaka, "Na muwa atakula vipi?"

"Atamenya kwa meno," mjane akajibu. "Anayo. Mume wangu hana."

Mzee akauliza ni nani atakuwa anakwenda kuchukua, maana bibi miguu ni mibovu, na mama akifika kwake watagombana.

"Yule binti yao asiyesema," mjane akasema.

Vichwa vyote vikanigeukia. Nilitazama soksi zangu za kanisani. Mzee akauliza kama nakubali, nikatikisa kichwa juu chini, naye akasema inatosha. Baba mdogo akaulizwa pia. Akasema amekubali, na kama wanaona vema, hata kisu cha jikoni kiende.

"Kisu kibaki," mjane akasema. "Watoto wale mboga."

Jioni tukayakusanya mapanga na mashoka kwenye kiroba. Bibi alilia akiyafunga. "Mwanangu amekuwa mtoto wa kukatiwa kuni." Mama akamjibu polepole, "Mama, yupo. Unamwona, yupo." Nikayapeleka, mjane akayasukuma chini ya kitanda chake bila neno. Usiku ule sikuegemeza jembe. Sikulala sana pia.

Asubuhi, kabla ya shule, nilivuka kijito na sare yangu. Alikuwa anafagia.

"Shikamoo, mama. Nimefuata panga."

"Marahaba. Kumbe una sauti." Akaingia ndani akatoka na panga, akanipa mpini ukiwa upande wangu. "La nini?"

"Nguzo ya lango. Haikuisha."

Alinitazama, nikadhani atalirudisha ndani. "Nenda," akasema. "Mimi nitasimama hapa hapa nione."

Mti ulikuwa umekatwa nusu, vile ulivyoachwa siku ile. Baba mdogo akasimama mbali kabisa, mikono nyuma, akinielekeza kwa kidevu. "Chini kidogo. Laza panga. Usikate kuelekea mguu wako." Nilikata vibaya, viganja vikatoka malengelenge, mpaka mti ukaanguka. Hakusogea kuuchukua. Nilivuka kwanza, nikalirudisha panga, na mjane alipoliingiza ndani ndipo baba mdogo akauinua mti begani akapanda nao nyumbani.

Nikanawa mikono kijitoni, nikakimbia shule.