Kimsalaba cha Shaba Kilichotoka Bukama

Kile kimsalaba cha shaba kilipaswa kurudi Bukama, na aliyekataa ni mimi. Nianzie hapo, maana mimi nikianzia mbali hufika pengine.

Nilikuwa kibarua wa reli, nasafisha mabehewa hapa Kamina. Chini ya viti watu huacha kila kitu, hata meno. Siku moja nikaokota sarafu ya zamani yenye tundu katikati, na nyota. Shule niliiacha darasa la pili, herufi ndogo zinanishinda, lakini nyota ni nyota. Tangu hapo nikawa natafuta: ya tembo, ambayo haikuwa duara, ya simba, ya mchikichi. Nazitambua kwa kidole, macho nimefumba. Majirani wakaniita "mzee wa makuta ya kufa", yaani wa sarafu zisizonunua kitu tena. Nilicheka nao, meno nilikuwa nayo bado.

Mke wangu aliuza samaki wakavu kutoka Bukama. Ndani ya gunia moja, chini kabisa, kikatoka kimsalaba cha shaba, hakizidi kidole gumba, kijani kwa kutu. Nikakijua: wazee wetu Waluba walinunua vitu kwa vimsalaba hivyo, kabla ya sarafu zangu zote. Furaha gani! Nikachukua ndimu na majivu, nikasugua upande mmoja mpaka ukawaka. Nilipogeuza, nikaona kwenye kutu mistari midogo iliyopitana. Nikadhani uchafu. Mke wangu akaninyang'anya.

"Baba, acha! Hii kitu iko na mwenyewe. Urudishe."

"Mwenyewe nani? Samaki?"

"Miye najua muvuvi mwenye alifunga hii gunia. Twende, nitakuonyesha."

"Kesho, mama."

"Kesho yako haina asubui."

Alikuwa na ulimi, mama yule. Kesho hiyo ikawa miaka. Aliniuliza kila msimu wa mahindi, halafu akachoka kuuliza.

Alikufa mvua zilizopita, homa ya siku nne. Wamama wa kanisa wakamwosha, wakamvalisha kitenge chake cha Pasaka. Mikono haikutaka kutulia kifuani, basi mmoja akaifunga kwa uzi mweupe, akauzungusha, akaupitisha juu na chini. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikautazama uzi, nikaiona ile mistari ya kwenye kutu. Ni ileile. Kumbe kile kitu kilifungwa kwa uzi mkononi mwa maiti, uzi ukaacha alama kwenye kutu, na mimi nikamsugua nusu ya uzi wake. Watu walidhani namlilia mke wangu peke yake.

Kilio kilipokwisha, nikapanda treni. Bukama nilizunguka siku mbili penye mitumbwi.

"Papa, muvuvi gani?"

"Ule mwenye aliuzishaka samaki kwa mama moja wa Kamina."

Wakacheka, si kwa ubaya. "Papa, siye bote tunauzisha kwa bamama ba Kamina!"

Jina la mvuvi yule alikuwa nalo mke wangu tu. Miaka yote ile sikuwahi hata kumuuliza.

Nikarudi nacho. Sarafu zangu ziko bado kwenye kopo la maziwa, sijalifungua. Kimsalaba nimekizungushia uzi mweupe, nikakichimbia shimo dogo kando ya kaburi la mke wangu. Kando, si ndani. Hakutaka cha mtu alipokuwa hai. Nikafukia kwa mkono, nikamwambia:

"Mama, nimekuletea mugeni. Weye ndio ulijua kwao."