Faini Iliyolipwa na Mtu Mwingine

Mama Sponji alikuwa fundi wa makochi. Jina hilo alibandikwa na wateja wake wa mwanzo, kwa sababu kila alipotoka kazini chenga za sponji zilikuwa zimemng'ang'ania kichwani hadi kwenye nyusi. Hakulichukia. Kazi alifundishwa na marehemu mume wake, na mume alipofariki hakuiacha karakana ifungwe hata wiki mbili. Alimwita mdogo wake wa kiume, aliyekuwa seremala, wakagawana kazi: mdogo mtu aunde fremu na kung'oa mbao zilizooza, yeye akate sponji, afunge springi, avute kitambaa na kukipigilia misumari mpaka kochi likaze kama ngoma.

Kilichompiga chenga ni makaratasi. Taarifa za mapato za kila mwaka zilikuwa zikipelekwa na mume wake, naye Mama Sponji, tangu afiwe, kwa miaka mitatu hakupeleka kitu. Hakukusudia kukwepa. Alidhani karakana isiyobakiza faida ya maana haina la kuiambia serikali. Siku barua ya ofisi ya kodi ilipofika, aliisoma amesimama, akatafuta mahali pa kukaa, akaisoma tena. Kulikuwa na kodi kidogo, juu yake faini ya kuchelewa, na juu ya vyote viwili riba, inayoongezwa kila siku ya mwisho ya mwezi. Jumla yake ingenunua sponji ya makochi thelathini.

Alipiga moyo konde akaenda. Kwenye dirisha la nne alimkuta ofisa mmoja mwenye miwani mizito, mtu wa sauti ya chini, ambaye alimweleza taratibu kama anayemwelekeza mgeni njia. Faini ingeweza kulipwa yote kwa mkupuo, benki au kwa simu. Ikishindikana, mtu anaandika barua kuomba alipe kwa awamu, na katika barua hiyo hiyo anaweza kuomba apunguziwe riba, mradi aseme sababu za kweli. Mama Sponji aliiandika mchana huo huo juu ya meza ya kukatia vitambaa. Aliandika kwamba mume wake alifariki, na kwamba hakujua. Hakuongeza chumvi.

Walimkubalia. Nusu ya riba ilifutwa, na kilichobaki kikagawanywa mara kumi, kila awamu ilipwe isizidi tarehe kumi ya mwezi. Akikosa moja tu, makubaliano yanavunjika na riba iliyofutwa inarudi. Alipewa namba ya malipo yenye tarakimu kumi na mbili, akaambiwa kila atakapolipa aitaje hiyo.

Awamu ya kwanza alilipa, na ya pili alilipa. Mwezi wa tatu, tarehe nane, alisimama mbele ya karani wa benki na pesa zake zimefungwa kwa mpira. Karani alibonyeza, akatazama, akabonyeza tena, kisha akamrudishia pesa. Alisema namba hiyo imefungwa, haidaiwi kitu.

Mama Sponji alikwenda moja kwa moja ofisi ya kodi. Ofisa wa dirisha la nne hakuwepo siku hiyo. Aliyekaa pale alimtolea karatasi iliyoonyesha kwamba siku tatu zilizopita deni lake lote lilikuwa limelipwa kwa simu, na hata kilichozidi kidogo kimewekwa kama akiba yake. Alimpongeza, akamwita anayefuata.

Njiani kurudi aliitoa ile karatasi mara mbili akaisoma. Alijua hakulipa yeye. Aliwapitisha kichwani ndugu zake wote, mmoja mmoja, na hakumwona hata mmoja mwenye uwezo huo, wala mwenye uwezo huo kisha akanyamaza. Mdogo wake alipoiona ile karatasi alicheka, akaikunja vizuri na kumrudishia. Alisema kama serikali yenyewe inasema hadai, dada yake ni nani hata abishane nayo. Waache hivyo hivyo.

Wakaacha. Na zile pesa za awamu, zilizokuwa zimeshatengwa na sasa hazina pa kwenda, Mama Sponji alizifanyia jambo alilolitamani miaka mingi. Kwake sebuleni kulikuwa na viti viwili vya mbao na benchi. Makochi yote mazuri aliyoyashona yalikaa kwa watu. Alinunua kitambaa cha kijani kizito na sponji ngumu, mdogo wake akaunda fremu, na ndani ya wiki moja na siku kadhaa kochi lilikuwa sebuleni kwake, la watu watatu, mishono imenyooka kama imechorwa kwa rula.

Alilikalia kila jioni. Siku za mwanzo alijisikia kama mtu wa maana. Kisha mwezi ulipoanza kuelekea ukingoni, akaanza kuifikiria siku ya mwisho ya mwezi. Aliijua siku hiyo. Kwa muda mrefu kabla ya makubaliano aliihesabu kwa vidole, kwa sababu siku hiyo deni lilikuwa likinenepa hata kama yeye hakununua wala hakukopa kitu. Sasa mahali fulani kulikuwa na mtu aliyelipa kwa namba iliyokosewa, aliyedhani amemaliza, na riba ingemwangukia kana kwamba hakutoa hata senti. Mama Sponji hakumjua mtu huyo. Lakini hiyo riba aliijua vizuri mno.

Tarehe ishirini na saba alivaa gauni safi, akachukua karatasi yake na kwenda. Mdogo wake alimuuliza anakwenda wapi. Akamwambia anakwenda kudaiwa.

Mwenye miwani alikuwepo. Alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, kisha akavua miwani akaifuta kwa tai.

"Mama, watu huja hapa kulalamika kwamba wamelipa na hatukuona," alisema. "Wewe ndiye wa kwanza kuja kulalamika kwamba hukulipa."

Alitafuta kwenye kompyuta namba zinazokaribiana na ile ya Mama Sponji, na haikuchukua muda. Kulikuwa na mpiga chapa mmoja, mwenye mashine ya kuchapia vitabu vya risiti na kadi za mialiko, ambaye namba yake ilitofautiana na hiyo kwa tarakimu moja tu: yake ilikuwa na moja mahali ambapo ya Mama Sponji ilikuwa na saba. Kiasi alichodaiwa ndicho hasa kilicholipwa. Ofisa alimpigia simu pale pale.

Mpiga chapa alifika kabla ya saa sita, mzee mrefu mwenye wino kwenye kucha, ameshika bahasha ya plastiki. Ilitokea kwamba binti yake ndiye aliyemlipia kwa simu, akisoma namba kutoka kwenye kijikaratasi alichoandika baba. Mzee alikitoa kijikaratasi wakakitazama wote watatu. Hakuna ambaye angeapa kama ile ilikuwa moja au saba. Mzee alisema kwa aibu kwamba amechapa maandishi ya watu miaka arobaini, lakini mwandiko wake mwenyewe hata mkewe alikuwa akishindwa kuusoma. Alikuwa ameshakuja mara mbili, dirisha jingine, wakamtuma alete uthibitisho kutoka kampuni ya simu, na alikuwa mbioni kukopa ili alipe upya kabla mwezi haujaisha.

Ofisa alileta fomu ya kuhamisha malipo, inayotakiwa kusainiwa na pande zote mbili. Wakati anaijaza, wale wawili walikaa kwenye benchi. Mzee ndiye aliyeanza.

"Ulikaa nayo siku ngapi, fundi?"

Mama Sponji angeweza kusema amegundua jana. "Kumi na tisa," alisema. "Na nilishona kochi."

Mzee alijikuna wino kidoleni. "Mimi ningekaa nayo zaidi," alisema.

Hawakuongea zaidi ya hapo juu ya jambo hilo. Mama Sponji aliona amepewa haki yake, si pungufu wala si ya ziada.

Walisaini. Kwa mzee mambo yalikwisha siku hiyo hiyo: malipo yakahesabiwa tangu siku aliyolipa, bila riba. Kwa Mama Sponji deni lilirudi lote, awamu nane, na ya mwezi huo ilikuwa imeshapita tarehe. Ofisa aliingia ndani kwa mkubwa wake, akakaa huko muda wa kutosha kumfanya Mama Sponji ahesabu vigae vyote vya sakafu. Aliporudi alisema wameona kwamba mwezi huo mlipaji alikwenda benki kwa wakati na kurudishwa, kwa hiyo hawatayavunja makubaliano. Lakini pesa ziingie kabla ya mwezi kwisha, yaani siku tatu.

Pesa hazikuwepo. Zilikuwa sebuleni, zimevaa kitambaa cha kijani.

Mdogo wake alilaumu kwa kirefu alipoambiwa, kisha akalaumu tena kwa kifupi, kisha akaenda kutafuta mkokoteni. Muuguzi mmoja, mteja wao wa zamani, alilichukua kochi bila hata kuvutana sana juu ya bei. Walipolitoa mlangoni Mama Sponji alipitisha kiganja juu ya mshono mmoja, kuhakikisha haujaachia, kama anavyofanya kwa kochi lolote la mteja. Asubuhi iliyofuata alilipa. Kilichobaki kilitosha kununua sponji ya kazi mpya.

Karibu awamu zote saba zilizofuata alizilipa kwa simu, mchana, mdogo wake akiwa pembeni. Yeye alitaja tarakimu, mdogo mtu akabonyeza, kisha wakabadilishana: mdogo akasoma kwenye simu, yeye akafuatisha kwa kalamu. Ilikuwa kazi ya dakika mbili, na mara zote mdogo wake alinung'unika. Mwezi mmoja mambo yalibana sana, wakalipa tarehe kumi yenyewe, tena benki, dakika chache kabla haijafungwa, kwa sababu siku hiyo mtandao wa simu ulikuwa umezima.

Awamu ya kumi ilipoingia, alikwenda kuchukua barua ya kuthibitisha kwamba hadaiwi. Mwenye miwani aliigonga muhuri, akamkabidhi, akamkumbusha kwamba taarifa za mwaka huu zinatakiwa miezi miwili ijayo. Mama Sponji alimjibu kwamba ameshazianza. Akaitia barua kwenye mkoba, akatoa kipimo cha utepe, maana alikuwa na ahadi ya kupima mabenchi ya chumba cha kusubiria katika zahanati ya mtaa wa pili, na tayari alikuwa amechelewa.