Kirangozi wa Jumapili

Kengele niliisikia kwanza. Kring, kring, nyuma yangu, mahali njia ilipopinda miomboni, kisha kimya, kisha kring tena. Sikugeuka. Kirangozi hageuki. Ndivyo alivyonisimulia babu yangu, ambaye ujanani alibeba pembe za ndovu begani hadi pwani nyuma ya mtu wa namna hiyo, aliyetangulia msafara na ambaye hakuna mpagazi aliyeruhusiwa kumpita.

Siku zile za Mwingereza nilikuwa mwalimu kijana mjini Tabora. Kila Jumapili, Wakatoliki wakishatoka misa, niliongoza kundi letu la waendesha baiskeli katika njia ile ile ya misafara. Hakuna aliyenituma. Nilijitolea kwa sababu niliipenda njia na, niseme kweli, kwa sababu nilipenda kuitwa kirangozi.

Aliyepiga kengele alikuwa fundi cherehani wa mtaani kwetu, mzee mwembamba aliyependa kuendesha na kanzu yake imepandishwa na kufungwa kiunoni. Tulimtania kwamba amevaa kama muuza maziwa. Kengele ikapigwa tena, kwa nguvu, na breki zikalia.

"Pisha basi, bwana!" alisema kwa hasira. "Njia ya watu wote hii!"

Hapo niligeuka. Mbele ya baiskeli yake palikuwa na kichuguu kirefu kama mtu.

"Mzee, kwani huyo mkweo?" aliuliza makenika mmoja wa reli.

"Mkwe wangu ana adabu kukuzidi wewe."

Tulicheka hadi mmoja wetu akaanguka mchangani. Mimi nilicheka kuliko wote. Fundi naye alicheka, kwa kuchelewa kidogo, uso wake ameuelekeza upande kicheko kilikotoka, si kwa yeyote kati yetu.

Jumapili iliyofuata alitumbukia pamoja na baiskeli yake kutoka kwenye daraja la magogo mawili. Kijito kilikuwa kikavu, Mungu alisaidia. Tulimtoa, mkono umechubuka, gurudumu la mbele limepinda kama sahani ya bati iliyokanyagwa. Akazilaumu breki. Tulipomfikisha nyumbani, makenika alinivuta kando.

"Yule mzee haoni, kirangozi."

"Anaona kidogo."

"Kidogo cha kusalimiana na vichuguu? Kamwambie asije tena. Si wewe uliyejitolea kutuongoza?"

Wengine walinitazama, kisha wakatazama baiskeli zao.

Wiki ile nilikwenda hadi kibarazani kwake mara tatu. Nilisikia cherehani ikienda, nikarudi. Jumamosi alasiri alikuja mwenyewe.

"Hodi!"

"Karibu. Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu."

Kigoda nilikuwa nimekihamisha asubuhi. Alikitafuta kwa mguu pale kilipokuwa zamani, akakikosa, akabaki amesimama kana kwamba hakutaka kukaa.

"Gurudumu limenyooshwa," alisema. "Kesho tunakwenda wapi?"

"Njia ni ile ile, baba. Ina mchanga. Na daraja."

"Basi funga debe kwenye karia yako. Nitakaa nyuma yako, nifuate mlio."

"Kwenye mchanga debe halilii."

"Tia kokoto ndani."

Alikuwa amefikiria yote. Akashusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu.

"Sindano mke wangu hunitungia. Kitambaa nakikata kwa mkono, mkono unajua. Lakini Jumapili nikionekana nimekaa kibarazani, mtaa mzima utauliza kulikoni. Wakishajua, nani ataniletea kitambaa chake nikikate? Nikiwa nanyi barabarani, hakuna anayeuliza."

Nililiona debe la kokoto likirukaruka nyuma yangu, na yale magogo mawili, na malori ya mbao yanayotokea kwenye kona bila kuonya. Nikaona pia cherehani imefunikwa shuka. Niliyoagizwa kusema nilikuwa nayo mdomoni, tayari, maneno machache tu. Kama ningemkatalia, mimi ndiye ningekuwa nimemfungia mlango wa kazi yake. Kama ningemkubalia, pengine ningemzika. Mimi niliyependa kuwa mbele, sikuwa na hatua ya kupiga.

"Tutaona, baba," nilisema.

Ni neno tunalosema kila siku tukitaka mtu aondoke bila kumwambia hapana. Nilikuwa nimelisema kabla sijalisikia.

Fundi alitabasamu. Hakuwa amekasirika, ningefurahi kama angekasirika.

"Mtaona nyinyi," alisema.

Akapapasa ukuta hadi akaufikia mlango. Nilitaka kumshika mkono, nikaogopa kwamba hilo nalo lingekuwa jibu. Alitoka polepole, akaurudisha mlango nyuma yake, akauvuta mpaka ukafungika.