Moto wa Nyumba Mbili

Nimekaa mbele ya mbabula yangu, hili jiko dogo la bati lenye matundu, na sijui nifanye nini na makaa yaliyobaki. Wali umeiva, maharagwe yameiva, mimi ni mtu mmoja, na makaa bado ni mekundu kabisa. Mwingine angeyaacha yafe akaenda kula. Mimi nimeshawaza niyamwagie maji na kuyaanika, lakini makaa ya kulowa hutoa moshi na kuvunjika. Nimewaza kubandika maji ya kuoga, lakini ni mchana na jua linachoma. Nimewaza kuchemsha maharagwe ya kesho, ambayo sijayanunua. Ndivyo nilivyo tangu nimalize chuo na kuanza kungoja kazi: makaa nanunua kwa mfuko mdogo pale kona, mafuta ya mawese kwa kichupa, na kila ninachokitumia nakifikiria kabla, wakati wa kukitumia, na baadaye.

Katika kuwaza huko ndipo nimeisikia kichwani sauti ya jirani yetu wa zamani kule mtaa wa Kabondo, ikivuka uwanja: "Moto iko?"

Nilikulia kwa bibi yangu, ambaye sisi wajukuu tulimwita Koko kama watoto wengi wa Kisangani. Wazazi wangu walikuwa upande wa Bafwasende wakitafuta maisha, na kidogo walichotutumia kilifika siku lori lilipofika. Uwanja wetu ulikuwa na nyumba mbili zilizotazamana. Sisi Wakatoliki tulikaa upande wa barabara. Upande wa mfereji walikaa jirani na mumewe, fundi cherehani, Waislamu wa zile familia za zamani ambazo babu zao walikuja na misafara ya biashara wakabaki. Hakuna aliyekuwa na kitu. Gunia la makaa lililetwa kwa baiskeli kutoka msituni, Koko na jirani wakichangia nusu kwa nusu, na lilikaa kwetu kwa sababu paa lao lilivuja.

Sasa ngoja nikueleze moto wetu ulivyofanya kazi, maana siku hizi hata mimi nikiufikiria naona kama nimeuota. Jirani aliamka kwa sala ya alfajiri, basi yeye ndiye aliyewasha. Hakutumia karatasi wala mafuta ya taa. Aliwasha kwa makapi makavu ya mawese, yale yanayobaki mafuta yakishakamuliwa, na harufu yake tamu, kama karanga zinazoungua, ndiyo iliyoniamsha. Akishachemsha chai, makaa yaliingia katika pasi ya fundi, pasi nzito ya chuma yenye mdomo kama wa bata. Fundi akimaliza kunyoosha nguo za wateja, Koko alipaza sauti, "Moto iko?" na kutoka ng'ambo alijibiwa, "Iko, tuma kopo." Mimi ndiye niliyekimbia na kopo la maziwa ya unga lenye mshikio wa waya. Koko aliongeza konzi moja ya makaa, akapika sombe, majani ya muhogo yanayotaka moto mrefu, kisha lituma, ndizi zetu za kuponda. Alasiri jirani alipikia mkia wa moto wa Koko. Jioni mkia wa mkia ulitupashia maji ya kuoga. Majivu nayo hayakutupwa. Tulisugulia sufuria mpaka zikang'aa kuliko za matajiri.

Moto mmoja, basi, ulizunguka uwanja mchana kutwa, na hakuna aliyesema asante. Nani angemshukuru nani?

Mwaka ninaousema nilikuwa katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, wakati wa likizo kubwa. Kwa Koko jambo hilo lilikuwa kubwa kuliko nilivyoelewa. Mama yangu hakuwahi kuipokea, kwa sababu nguo nyeupe ilikosekana, na Koko alikuwa ameapa kwamba kwa huyu haitakosekana. Kitambaa kilitoka kwa fundi. Ramadhani ilikuwa imeingia, kanzu za Idi zilikuwa zimejaa kwenye meza yake, na mabaki ya kila kanzu aliyaweka pembeni. "Hii iko ya Koko," alisema, akiyakunja.

Ramadhani iligeuza saa za moto. Jirani aliwasha kabla ya alfajiri kwa ajili ya daku, kisha hakuwasha tena mpaka alasiri. Koko alipiga hesabu kichwani, akaona kwamba akiwasha wa kwetu saa sita mchana na ule wa alasiri uwashwe tena, gunia halitafika popote. Basi akaamua. Tukawa tunaamka nao, tunakula lituma la jana lililopashwa kwenye moto wa daku, na chakula cha kupikwa tukakingoja mpaka magharibi, sinia zikikutana katikati ya uwanja. Mchana tulikuwa huru kuokota mapera au kutafuna muwa. Lakini mimi, ambaye hata wakati ule nilitafuta sheria ndani ya kila kitu, nilijiambia kwamba kama jirani hatafuni, basi nami nisitafune.

Aliyegundua kwanza ni fundi. Akiwa amefunga alikuwa mwangalifu sana, hakutaka hata kulowesha ncha ya uzi kwa mate, kwa hiyo mwezi ule aliniita mimi nimlambie uzi na kuupitisha kwenye sindano. Siku moja nikakataa.

"Miye pia nimefunga," nikamwambia.

Akaweka mkasi chini. "Wewe Mukatoliki umefunga? Sasa uzi yangu nani atalamba?"

Alicheka hadi akaegemea cherehani. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Wiki ile ile katekista alitufundisha kwamba kabla ya kupokea Komunyo mtu hukaa saa nzima bila kula. Alikuwa mzee mwembamba mwenye sauti ya upole, shati lake limefuliwa mpaka rangi ikakimbia, na aliishi viwanja viwili kutoka kwetu. Akauliza nani ataweza saa nzima. Watoto wakatazamana. Mkono wangu ukapanda peke yake.

"Papa katekiste, miye naweza mpaka muadhini aite magaribi. Niko nafanya kila siku."

Darasa zima liliangua kicheko, ila katekista hakucheka. Aliniita pembeni, akaniuliza nakula na nani, naamka saa ngapi, nani alinifundisha. Nikajibu vyote, tena kwa fahari. Mwishoni akasema kwa upole uleule kwamba inabidi jambo langu liangaliwe kwanza. Mtoto hapokei Komunyo akiwa na miguu katika nyumba mbili. Nimwambie Koko aende kumwona.

Msomaji wangu, unajua mtoto mwenye wasiwasi anavyobeba neno kama hilo? Nililibeba mpaka nyumbani kama sufuria ya maji ya moto. Nikila mchana, jirani atahuzunika. Nisipokula, nguo ya fundi itakaa bila mwili, kama mama yangu alivyokaa bila nguo. Kesho yake, kabla sijamwambia mtu, nilikwenda kukaa kwenye ngazi za kanisa na pera kubwa, na nilipomwona katekista anakuja nikaling'ata kwa kelele zote nilizoweza. Akapita akanisalimia. Sikujua kama alisikia.

Jioni nikamwambia Koko, nikilia. Aliendelea kuchambua mchele. Nilidhani angevaa kitenge chake cha Jumapili aende parokia kuomba. Badala yake alisema, "Umwambie kesho aje kula. Asile kwake."

Katekista alikuja kabla ya magharibi. Alikaribishwa kwenye benchi la wateja wa fundi. Sombe ilikuwa bado inachemka, kijani iliyokolea, mafuta mekundu yakipanda juu, na jirani alikuwa amekaa kwenye kigoda akingoja zamu yake na sufuria ya maharagwe mapajani. Sombe ilipoteremka, maharagwe yakapanda. Makaa machache yalichotwa kuingia katika pasi, na fundi akasimama kunyoosha kanzu. Katekista alitazama yote hayo, kisha akauliza kile alichokuja kuuliza.

"Mama, ni kweli huyu mutoto anafunga pamoja nao?"

"Anafunga," akasema Koko, akionyesha gunia la makaa. "Lakini juu ya makala, hapana juu ya dini. Unipatie saki moja ya makala, papa katekiste, kesho atakula saa sita kamili."

Jirani akaficha mdomo kwa mtandio. Fundi, bila kuinua macho kutoka kwenye pasi, akaongeza, "Na miye unirudishie mutu wangu wa uzi. Kazi iko nachelewa."

Nilikuwa nimeshika mlango. Katekista alitazama gunia letu pembeni, lililokuwa limelegea na kujikunja shingo. Akaitazama nguo yangu nyeupe iliyoning'inia kwenye msumari juu ya kanzu za watu. Akaniuliza kama siku ya Komunyo nitaogopa. Nikasema nitaogopa sana. "Hata miye niliogopa," akasema. Basi. Hakusema tena habari ya miguu.

Muadhini akaita. Tukala, kila mmoja akianza kwa namna yake, jirani kwa jina la Mungu na tende iliyogawanywa, katekista kwa ishara ya msalaba. Alikula taratibu kama mtu asiyetaka kuonyesha njaa. Alipoinuka kuaga alisitasita, akainama karibu na Koko na kusema kitu ambacho yeye alidhani sikusikia. Kwake hawakuwa wamewasha tangu juzi. Je, moto ungalipo?

Koko alinitazama tu mimi, na mimi nikakimbia kuleta kopo.

Tangu siku ile sauti ya tatu ilikuwa ikisikika juu ya ua, ya mzee yule mwembamba: "Moto iko?" Nami siku ya Komunyo nilivaa nguo yenye upindo mpana wa kanzu na kipande cha tarizi shingoni. Kwenye pindo kulikuwa na ua dogo la uzi ambalo wasichana wenzangu walilionea wivu. Hawakujua kwamba fundi alilishona juu ya tundu lililochomwa na cheche ya pasi alfajiri ile ile.

Koko ametutoka. Fundi alipokosa wateja, kwa kuwa kanzu sasa zinakuja zimeshonwa tayari, alihama na jirani kwenda Ubundu kwa ndugu zake. Uwanja uliuzwa, na katikati, pale sinia zilipokutana, kumejengwa ukuta. Chumba ninachopanga sasa kiko kwenye korido ya milango mitatu, na nje ya kila mlango kuna mbabula yake na kamfuko kake ka makaa. Tunatumia makaa mara tatu ya yale tuliyotumia uwanjani kwetu, na hakuna hata mmoja wetu anayeshiba zaidi. Sijui desturi ile ilikufa siku gani. Nadhani haikufa siku moja. Watu waliona haya kuuliza, kidogo kidogo, mpaka swali likasahaulika.

Hivi ninavyokuandikia, dada wa mlango wa pili anahangaika na kiberiti kilicholowa. Nasikia vijiti vinakwaruza, kimoja baada ya kingine. Nimetoa kopo langu, nimechota makaa. Kisha nikakaa kuwaza. Je, ataona namdharau? Je, kwa kawaida si mwenye shida ndiye anayeuliza? Nianze na habari gani? Nimepanga sentensi, nikaifuta, nikapanga nyingine.

Nilipobisha hodi, kopo lilikuwa na joto tu. Ndani yote yalikuwa ya kijivu.

Aliangalia kopo, akaniangalia mimi. "Ilikuwa moto," nikasema.

"Ni majivu?" Akalipokea kwa mikono miwili. "Leta tu, yaya," akasema, kama kwa dada mkubwa. "Sufuria yangu imeungua. Na kesho, kama iko inawaka bado, uniite mbio."

Akaanza kusugua pale pale mlangoni.