Mabinti wa Mfalme na Birika la Maji ya Moto

Mimi ni msusi, na mdomo wangu hauna breki. Rasta za kichwa kizima huchukua saa sita, na mteja asiyepewa hadithi huanza kulalamika kuwa namvuta nywele. Basi ninayo moja, ya mabinti wawili wa mfalme, na wapo wanaoniletea vichwa vyao kwa ajili ya hiyo tu. Mchawi alinyimwa mwaliko wa karamu, akaja na hasira zake, akamlaani binti mkubwa: upande mmoja wa uso wake ukakunjamana. Mdogo akaponea chupuchupu. Hapo wateja huguna, nami huvimba kichwa.

Anayechovya ncha za rasta kwenye maji ya moto ili zisifumuke ni dada yangu. Ana kovu kutoka sikioni hadi shingoni. Ndiye aliyenifundisha kusuka, na aliuza cherehani yake ili saluni hii ipate kiti cha kwanza. Si msemaji. Hadithi yangu ameisikia labda mara elfu, akiwa ametupa mgongo pale kwenye jiko, nami nilijifanya haimhusu. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata.

Jumamosi moja nilikuwa namalizia kichwa cha mtoto wa darasa la pili, mama yake amesinzia kwenye benchi. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa mkubwa alikosa nini?"

Nikacheka, nikamwambia wachawi ndivyo walivyo. Hakuridhika. Dada alikuwa ameshafika nyuma yetu na birika, anasubiri.

Nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Siku dada alipopata kovu lile nilikuwa na miaka sita, nimekatazwa kugusa birika, nikalibeba ili nichovye nywele za mwanasesere wangu. Dada alikuwa amekaa chini. Mama alipofika mbio, dada alisema kwa kilio kwamba amejimwagia mwenyewe. Mama alimwita mzembe hadi siku anakufa, mbele yangu, na mimi nikala chakula changu kimya. Nilipokua nikamtafutia mchawi wa kumsingizia.

"Hapakuwa na mchawi," nikamwambia mtoto. "Mdogo ndiye aliyemmwagia maji ya moto. Akanyamaza."

"Akaomba msamaha?"

Miaka arobaini na miwili imepita, na mdomo wote huu haujawahi kuomba. Sikuthubutu kugeuka.

Dada akainama, akazikusanya rasta kwa kiganja na kuzivuta mbali na shingo ya mtoto, kama afanyavyo kila siku.

"Wewe mshike mabega tu," akaniambia taratibu. "Mikono yako hutetemeka ukiona birika. Unadhani kazi hii niliichukua kwa nini?"